Karani Aliyekuwa Kwenye Njia Zote Mbili

Joka la kwanza nililowahi kulimiliki lilikufa kwa njaa, saa tisa mchana, katika hoteli ya chai pale Kalamba. Halikuchomwa mkuki. Aliyeliua alikuwa mnunuzi wa mbuzi, na silaha yake ilikuwa swali.

"Linakula nini?" aliuliza.

Nikamwambia linakula watu na mifugo. Akaweka kikombe chini. Alikuwa Mwislamu kutoka upande wa Garissa, mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, na kwa miaka mingi alikuwa akinunua mbuzi katika masoko yetu na kuwapakia lori kwenda pwani. Sote tulimwita Haji ingawa hakuwa amehiji. Mbuzi aliwajua kama mchungaji anavyojua dhambi za wengine.

"Ukubwa wake?"

"Kama hii hoteli."

"Basi kwa siku linataka mbuzi kumi. Kwa mwezi, mia tatu. Hicho kijiji umesema kina nyumba ngapi?"

"Ishirini."

"Nyumba ishirini haziwezi kuwa na mbuzi wa kulisha kitu kama hicho. Mwezi wa kwanza wamekwisha. Mwezi wa pili watu wenyewe wamehama, hata mimi ningehama. Mwezi wa tatu, mwalimu, joka lako limelala pangoni na mbavu zinahesabika."

Fundi wa baiskeli, aliyekuwa mchezaji wa pili, akauliza kama ngozi ya joka inaweza kukatwa viraka. Wakaenda pangoni bila kunong'ona wala kunyata, wakalikuta limekufa, wakalichuna. Wiki mbili nilizotumia kupanga vita zikaishia kwenye ngozi ya kukausha juani.

Niseme nilikolipata joka. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kufukuzwa, bali kwa sababu lori lilisimama karibu na uwanja wetu kule Kitui nikataka kujua linakokwenda. Tangu hapo nilifyatua matofali Wote, nikachuma machungwa Mbooni, nikalinda mashine ya kusaga ya mtu fulani, na kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa mambo yanavyokwenda, kisha nikaondoka. Miaka ya themanini ilipokuwa bado michanga nilijikuta Kiboko, kando ya barabara kuu, nikiosha vyombo vya mke na mume wageni waliokuja kuchunguza nyasi. Hao walikuwa na mchezo wao wa mezani, na mchezo wenyewe ulitaka watu watatu.

Uko hivi. Mmoja anaisimulia dunia: umefika mlangoni, kuna mlinzi, ana mkuki. Wengine kila mmoja ni mtu ndani ya dunia hiyo, na anasema anachofanya. Anaweza kusema lolote. Anayesimulia anajibu kinachotokea, na jambo likiwa na mashaka, dadu inatupwa. Hakuna ubao, hakuna kete, hakuna anayeshinda. Nilicheza nao mpaka nyasi zao zikaisha. Walipokuwa wakifunga mizigo walinipa kijitabu kisicho na jalada na dadu moja ya ajabu yenye pande ishirini, ya rangi ya damu ya mzee. Kimombo cha kijitabu kilinizidi, lakini nilikuwa na kamusi na sikuwa na haraka.

Kalamba nilikwenda kutazama tu. Nikapata kazi ya kupasua kuni na kuteka maji kwa mama mwenye hoteli, mjane mwenye mikono minene, shemasi katika kanisa lao, mwanamke ambaye akikuambia chai iko tayari unasimama wima. Siku ambazo si za soko, kati ya saa nane na saa kumi na moja, hoteli hulala. Jua linakuwa kali hata nzi hawana nia. Hapo fundi wa baiskeli alikuwa akiacha vifaa vyake barazani na kuingia ndani kucheza drafti na Haji kwa vifuniko vya soda. Fundi alishinda kila mara. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia ya kukuachia ule kete zake tatu halafu anakula zako zote huku akikuuliza habari za nyumbani. Haji alikuwa amechoka kuulizwa habari za nyumbani. Nilipotoa dadu yangu mezani, yeye ndiye aliyeishika kwanza.

Mama akaja na kitambaa chake.

"Ni kamari?"

"Hapana mama. Hakuna pesa."

"Ni uganga?"

"Ni hadithi tu."

"Ya kweli ama ya uongo?"

"Ya uongo."

"Basi," akasema, akavuta kiti. "Bora sisi wote tujue ni uongo."

Fundi akauliza mimi nitaitwaje. Nikasema kitabu kinamwita anayesimulia kwa neno ambalo, nikitafsiri vizuri, ni kama mwenye dunia. Mama akanitazama. "Mwenye dunia ni mmoja, na hapasui kuni." Wakaamua kuniita mwalimu, kwa kuwa nilikuwa na kitabu. Hakuna aliyewahi kuitwa mwalimu akiwa na elimu ndogo kuliko yangu.

Mwanzoni nilifuata dunia ya kitabu. Iliwashinda, au wao waliishinda. Nikawaambia wamefika kwenye mto mpana, kuna mtumbwi.

"Mwezi gani huo?" fundi akauliza.

"Wa tisa."

"Mwezi wa tisa mto uko na maji? Mto wa nani huo?"

"Ni mto tu, mzee."

"Ni ya uongo, sawa. Lakini hata uongo hunyesha kwa msimu."

Nikakausha mto. Wakashuka mchangani na kuanza kuchimba. Sikujua kitabu kinasema nini kuhusu kuchimba, kwa hiyo nikawauliza wamefika kina gani. Mama akasema, "Mpaka kiwiko kipate baridi," nikajua hilo ndilo jibu na kwamba hakuna dadu inayoweza kulipinga. Jioni ile nikaitupa dunia ya kitabu. Nikachukua vilima vyetu, mito yetu ya mchanga, vumbi letu jekundu, nikavibadilisha majina na kuvitia kasri moja tu, kwa sababu kasri nililipenda.

Hata hapo hawakutulia. Mlango wa mji ulikuwa na mlinzi asiyeruhusu wageni. Kwa kitabu, mchezaji anatoa maneno matamu kisha anatupa dadu. Mama hakutoa maneno matamu.

"Namsalimu," akasema.

"Anaitikia. Anasema hamwezi kupita."

"Bado hatujafika huko. Namuuliza kama wazazi wake ni wazima."

"Ni wazima."

"Na mvua ya kwao?"

"Kidogo tu."

"Pole zake. Yeye ni wa ukoo gani?"

Sikuwa nimempa ukoo. Nilimpa mkuki na kofia ya chuma. Nikataja ukoo wa kwanza ulionijia, na mama akapiga meza kwa kiganja.

"Huo ni wa mama yangu. Huyo ni mjomba. Mjomba atanifungia mlango?"

"Mama, lazima tutupe dadu."

"Ya nini? Wewe ukienda kwa mjomba wako unatupa dadu?"

Nikamgeukia Haji anisaidie. Akatikisa kichwa. "Kwetu ni vile vile. Mtu akishahesabu mababu zake mpaka mkutane, mlango uko wapi tena?"

Tangu siku hiyo waliingia kila mji kwa njia ya mjomba. Nililazimika kuandika koo za walinzi, wapishi na wachunga punda pembezoni mwa kijitabu, hadi maneno ya Kiingereza yakazingirwa. Wakiniuliza mtu fulani kaoa wapi, ilibidi nijue. Nikajua. Na nikaanza kupasua kuni haraka haraka asubuhi ili saa nane inikute nimekaa. Miezi minne ilikuwa imepita Kalamba, na kwangu miezi minne ni ndoa.

Hapo ndipo nilipoanza udanganyifu, na ninataka kueleza sababu, maana haikuwa uvivu peke yake. Nilikuwa na hadithi. Katika nchi yangu kulikuwa na pembe ya kale ambayo ikipigwa juu ya kilima, mvua inakuja. Pembe imeibwa. Aliyeiba ni karani wa chifu, mtu mlemavu wa mguu wa kushoto, mwenye punda wa kijivu na tabasamu la kuuza. Wachezaji wangekutana naye njiani, wangemshuku, angekana, wangemfuata kisirisiri hadi kasri, na humo nilikuwa nimeandaa mambo ya wiki nane, yote mazuri. Tatizo ni kwamba watu hawa, ukiwaweka kwenye njia panda, unaweza kuwasikia wakifikiri. Wakienda kushoto watamkuta karani. Wakienda kulia watakuta nini? Nilikuwa sijatengeneza chochote. Nikawaona wakitembea patupu, wakipiga miayo, Haji akinyoosha mkono kuchukua vifuniko vya soda. Na drafti ikirudi mezani, mimi ningebaki mpasua kuni, na mpasua kuni anaweza kwenda kupasua popote. Sikutaka kwenda popote. Lilikuwa jambo geni kwangu na lilinitisha kidogo.

Kwa hiyo walipochagua kushoto, walimkuta karani na punda. Walipobadilisha mawazo na kurudi ili wafuate kulia, walimkuta karani na punda. Walipopanda mlima kukwepa njia zote mbili, nani alikuwa amepumzika kileleni? Punda alikuwa anakula majani.

Fundi aliuliza tu habari za punda.

Asubuhi moja, kabla hoteli haijajaa, alinifuata nyuma nilikokuwa na shoka. Akasema ameota juu ya mchezo, hawezi kungoja saa nane. "Niseme mimi peke yangu nimeamka mapema," akasema. "Nimewaacha wengine wamelala. Nimechukua njia ya kushoto. Nakutana na nani?"

Nilikuwa na gogo gumu mbele yangu. "Karani," nikasema. "Na punda wake."

"Asante," akasema, akaenda zake.

Saa nane mama akatangaza kwamba yeye naye ameamka mapema, peke yake, na amechukua njia ya kulia. Anakutana na nani? Nilikuwa nimefungua mdomo na kusema "karani" kabla ya kumwona fundi akikunja mikono.

"Mwalimu," akasema kwa ile sauti yake ya habari za nyumbani, "huyo karani, na mguu wake ule mmoja, yuko kushoto na yuko kulia, asubuhi moja. Ni mapacha?"

Nikasema pengine ni mapacha. Haji akacheka mpaka akashika ndevu. Mama hakucheka.

"Umekuwa ukituuliza tuchague," akasema. "Kila siku. Kushoto ama kulia, mama, chagua. Nami nakaa hapa nachagua kama mjinga, mpaka kichwa kinaniuma."

"Umetufunga kamba shingoni," Haji akasema, "halafu unatuuliza tunapenda kwenda wapi. Mimi hiyo kazi naijua. Mbuzi akishajua anapelekwa sokoni, unajua anafanya nini?"

"Anafanya nini?"

"Analala chini."

Wakalala chini. Namaanisha ndani ya mchezo. Siku tatu mfululizo saa nane walikuja, wakaketi, wakaomba chai, na nilipouliza wanafanya nini wakasema wamekaa. Wako njia panda, wamewasha moto, wanapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Nikatuma simba. Wakasema simba akija wataliwa, asante. Nikawanyeshea mvua. Mama akasema ni vizuri, mahindi yalikuwa yanaihitaji. Muthokoi wao ulichemka siku tatu, na kila nilipouliza kama umeiva, fundi alionja hewa kwa kijiko na kusema bado kidogo. Siku ya tatu Haji alileta vifuniko vya soda na kuviweka mezani, bado kwenye mfuko, ili nivione.

"Kesho ndiyo mwisho," akaniambia, si kwa ubaya. "Kama njia ni mbili, tucheze. Kama ni moja, heri nishindwe drafti. Pale angalau naona ninavyoshindwa."

Siku ya nne fundi alikuwa wa kwanza kuketi.

"Muthokoi umeiva," akasema. "Tumekula. Tumeinuka tumemshika karani. Tunajua yuko, maana yuko kila mahali. Hatumpigi. Tunataka aape."

"Aape nini?"

"Kithitu. Aape kwamba hakuiba pembe."

Mama alikuwa anapangusa meza ya jirani. Kitambaa kikasimama.

Kwa asiyejua: kwetu watu wakigombania mpaka wa shamba au ng'ombe aliyepotea, na wazee wakashindwa kuona ukweli uko kwa nani, kuna kithitu. Ni kiapo, na ni kile kitu chenyewe kinachoapiwa. Unakipiga kwa vijiti saba ukisema, kama ninadanganya, hiki kinile. Nacho kinakula. Hakimli mwongo peke yake, kinaanzia pembeni: mbuzi, ng'ombe, mtoto wa ndugu. Nilipokuwa mdogo palikuwa na boma moja njiani kwetu lililoota nyasi hadi mlangoni, na tuliambiwa tupite upande wa pili. Hata watu wa kanisa waliosema hawakiamini hawakulitaja jina lake kwa sauti wakiwa karibu na watoto wao.

"Fundi," mama akasema, "neno hilo halisemwi humu. Humu tunaombea chakula."

"Mwaitu, mama yangu, si mimi ninayeapa. Ni karani. Na karani ni wa uongo, wewe mwenyewe ulisema tujue ni uongo."

"Karani ni wa uongo," mama akasema. "Mdomo ni wa nani?"

Wote watatu wakautazama mdomo wangu.

Nilikuwa sijafikiria hilo. Katika mpango wangu karani alikana. Neno lenyewe lilikuwa limeandikwa pembezoni mwa kijitabu, limepigiwa mstari: atakana. Juu ya neno hilo nilikuwa nimesimamisha wiki nane na kasri zima. Kukana tu ni rahisi, watu hukana asubuhi hadi jioni. Lakini fundi alikuwa ameshaokota dadu yangu, ameiweka katikati ya meza juu ya kifuniko cha soda, na ametoa kiberiti. Akahesabu njiti saba na kuzipanga mbele yangu, vichwa vyote upande mmoja.

"Hiyo ndiyo kithitu," akasema. "Tuseme."

Nikatafuta pa kutokea. "Karani anasema yeye ni mtu wa kanisa. Hawezi kuapa hivyo."

"Kanisa gani?" mama akauliza.

"La huko huko."

"Mchungaji wake ni wa ukoo gani?"

Hakika nilikuwa nimewafunza vibaya.

"Kama ni wa kanisa aape kwa Biblia," mama akasema. "Iko jikoni, juu ya sukari."

"Na akiikataa Biblia," Haji akasema, "mimi nina Kurani chumbani. Huyu karani leo dini zote zimemzunguka."

"Anakimbia," nikasema. "Karani amejinasua, anakimbia."

"Na mguu ule?" fundi akauliza kwa upole.

Nikanyoosha mkono nichukue dadu. Huo ndio ulikuwa utaratibu, jambo lenye mashaka linatupiwa dadu, na kwa pande ishirini hata kilema ana bahati. Fundi akafunika meza kwa kiganja.

"Hiyo si dadu tena, mwalimu. Kithitu hakitupwi."

Nilichukua njiti ya kwanza. Nataka kusema ukweli hapa kwa sababu nimeudanganya sana ukurasa huu wa maisha yangu nilipousimulia kwingine, na huko hujifanya nilitabasamu. Sikutabasamu. Nilikuwa mtu niliyelala makaburini kwa kutaka kujua kama ni baridi kuliko kwingine. Nilikuwa nimewacheka waganga usoni mwao. Na sasa nilikuwa na njiti ya kiberiti mkononi, mbele ya kipande cha plastiki kilichotengenezwa na wazungu, nikitakiwa kusema kwa niaba ya mtu ambaye hayupo kwamba hakuiba pembe ambayo haipo, na ulimi wangu ulikataa. Nilimkumbuka dada yangu. Nilikumbuka watoto wake. Wao hawakuwa kwenye mchezo.

"Niliichukua," nikasema.

Kasri likaanguka ndani ya kichwa changu, minara yote, na mizinga niliyoichora.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema aliichukua. Karani. Ameungama."

"Kwa nini?" Haji akauliza.

Hilo nalo sikulijua. Nilimfanya mwizi kwa sababu hadithi ilitaka mwizi. Nikamtazama, huyu mtu niliyembeba njia zote kwa wiki tatu, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza. "Kwetu hakujanyesha miaka mitatu," akasema kwa mdomo wangu.

"Kwao wapi?"

"Nyuma ya kilima. Pembe ikipigwa huku, mawingu yote yanakuja huku. Yakifika kwao yameshakamuliwa."

Mama akaketi. "Ana watoto?"

"Wanne." Walikuwepo, nilijua hata majina. "Mkubwa anachunga. Alikuwa anachunga. Sasa hakuna cha kuchunga."

Walichofanya baadaye hakikuwa kwenye kitabu chochote. Walibishana. Mama alisema mtu mwenye shida huomba, haibi, kisha akasema, lakini angemwomba nani, na chifu mwenyewe ni wa upande huu. Haji alisema mifugo ikifa mtu huwa si yeye, amewaona watu wazuri mwaka wa ukame. Fundi alisema pembe ni moja na pande ni mbili, basi ipigwe msimu mmoja huku na msimu mwingine kule, na karani awe ndiye wa kuivusha kilima, na mguu wake huo huo, iwe adhabu yake. Saa kumi na moja ikawakuta hawajamaliza. Wateja wawili waliingia wakaomba mandazi wakaambiwa wangoje, kuna kesi.

Walipokubaliana, nikadhani nimepona. Nikakusanya zile njiti sita zilizobaki. Fundi akazirudisha mbele yangu, akaongeza moja.

"Karani amemaliza," akasema. "Sasa wewe. Njia zilikuwa mbili?"

Ningeweza kusema kwamba ni swali la mchezo. Dadu ilikuwa bado juu ya kifuniko chake.

"Moja," nikasema. "Tangu mwanzo ilikuwa moja."

"Hata ule mlima?"

"Hata mlima."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mkienda kwingine mtakuta hakuna kitu."

Mama akasema jambo kwa Kikamba ambalo fundi alilikubali kwa kichwa. Mtu akikosea, wazee humtoza mbuzi, lakini mbuzi sikuwa naye, na Haji alisema akinikopesha wake atakula hasara. Wakashauriana kwa muda mfupi sana, nikajua kumbe walishashauriana kabla. Hukumu ilikuwa kwamba kesho yake fundi atakalia kiti changu na mimi nitakuwa mchezaji. Vifuniko vya soda Haji akavirudisha mfukoni mwa koti.

Saa nane ya kesho yake fundi alikishika kijitabu na kukilaza pembeni bila kukifungua.

"Uko njia panda," akaniambia. "Kushoto ama kulia?"

"Kushoto kuna nini?"

"Nitajuaje? Sijafika. Nenda tuone."

Nikaenda kushoto. Akafumba macho kidogo, akatazama.

"Kichaka," akasema.

"Naendelea."

"Kichaka."

"Kuna mtu yeyote?"

Akatazama tena, kwa uaminifu mkubwa, pande zote. "Hakuna mtu."

Nilitembea ndani ya kichaka kile tangu saa nane hadi saa kumi na moja. Aliniambia miti yake, mmoja mmoja, ipi ina miiba inayorudi nyuma na ipi inafaa kwa mpini. Aliniambia mahali ambapo nyuki waliingia na mahali ambapo zamani palikuwa na zizi. Haji alichukua njia ya kulia na kukuta harusi. Mama alikwenda naye, wakala pilau, wakawa wakinipa habari zake kila baada ya dakika chache. Nilipouliza kama naweza kusikia ngoma za harusi kutoka nilipo, fundi alipima upepo na kusema hapana.

Aliposimama kwenda kufunga vifaa vyake nilimuuliza mimi niko wapi sasa.

"Kichakani."

"Na kesho?"

"Kesho utaamka kichakani. Kutoka hapo, shauri yako."

Nilikaa Kalamba mwaka mwingine mzima. Siku nne za kwanza nilikuwa kichakani.